Muyaka bin Haji: ulimi wa Mombasa, sokoni na vitani

Siku moja, katika kipindi cha historia ya Uislamu katika pwani ya Afrika Mashariki, mwanafunzi wangu mmoja huku Temeke aliniuliza swali ambalo limenikaa kichwani mpaka leo. Nilikuwa nimeshamaliza orodha yangu ya masultani, mikataba na vita, na ubao wote umejaa miaka. Kijana akanyosha mkono, akauliza kama watu hao wa zamani nao walikuwa wakiposa na kukataliwa, wakikopeshana na kudhulumiana, wakigombana na wake zao na kulalamikia bei ya mchele kama sisi. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa ubao mzima ule haukuwa na jibu.

Jibu lipo, na linabebwa na mtu mmoja, Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa. Wataalamu wanakadiria kuwa alizaliwa mnamo mwaka 1776 na kufariki mnamo mwaka 1840. Hakuwa sultani wala kadhi. Alikuwa mshairi, na kwa hakika ukitaka kujua Waislamu wa pwani hii waliishi vipi katika miaka arobaini ya mwanzo ya karne ya kumi na tisa, utajifunza kwake mambo ambayo hutayakuta katika mkataba wowote.

Pengine msomaji wa Kinondoni au Mbagala atauliza tunahusika vipi na mtu wa Mombasa. Tukumbuke kuwa Muyaka alipozaliwa hapakuwa na Kenya wala Tanzania. Hapa petu palikuwa na vijiji vya wavuvi na wakulima, Mzizima kikiwa kimojawapo, na jina la Dar es Salaam lilikuja miaka ya 1860 wakati wa Sayyid Majid. Kisiwa cha Pemba ambacho wengi wetu tuna wajomba na mashangazi huko kilikuwa chini ya watawala wa Mombasa. Mtu alipanda chombo Mombasa akashuka Pemba, Pangani au Unguja, na kote huko alisalimiwa kwa lugha anayoielewa na akaswali nyuma ya imamu bila kuulizwa pasi. Mipaka tunayoitazama leo kama vile imeshushwa kutoka mbinguni iliwekwa na Wazungu zaidi ya miaka arobaini baada ya Muyaka kuzikwa.

Mombasa aliyokulia ilikuwa mji mdogo wenye majivuno makubwa. Nyumba za mawe za matajiri zilikuwa jirani na nyumba za udongo na makuti, na juu ya wote ilikaa Ngome, ile waliyoianza Wareno mwaka 1593, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa Mazrui. Ukoo huu wa Kiomani ulitumwa kuwa maliwali kwa niaba ya watawala wa Oman, lakini ufalme wa huko ulipohama kutoka kwa Yaarubi kwenda kwa Busaidi katikati ya karne ya kumi na nane, Mazrui walikataa kuwatambua wakubwa wapya, wakatawala kwa jina lao wenyewe. Hata hivyo hawakutawala peke yao. Wenyeji walikuwa na mataifa kumi na mawili yaliyogawanyika makundi mawili, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, kila kundi na wakubwa wake, na liwali aliyetaka kulala usingizi alilazimika kuwasikiliza.

Maisha yalikwenda kwa pepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha. Pembe za ndovu na sandarusi zilishuka kutoka bara kwa mikono ya Wakamba na ya watu tunaowaita leo Wamijikenda, ambao mji uliwategemea pia kwa nafaka na, siku ya vita, kwa mishale. Mchele mwingi ulitoka Pemba. Fedha kubwa ilikuwa reale. Hata kuvaa kwenyewe kulikuwa kunabadilika, kwani katika miaka ya uzee wa Muyaka wafanyabiashara wa Kimarekani waliotia nanga Unguja walileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka bibi zetu walikiita merikani. Na tusifiche, mji huo ulikuwa na watumwa, waliolima, waliobeba na waliotumika majumbani. Sauti inayosikika katika diwani ya Muyaka ni ya muungwana wa mjini. Mtumwa hakuachiwa nafasi ya kutunga iliyohifadhiwa, na anayesoma tungo hizi inampasa alijue hilo kabla ya kuona kuwa amesikia mji mzima.

Kabla yake, ushairi wa Kiswahili uliojulikana na kuandikwa ulikuwa kwa sehemu kubwa ushairi wa dini. Pate na Lamu ndiko kulikokuwa na mabingwa. Utendi wa Tambuka, unaohusu vita vya Waislamu na Warumi, uliandikwa Pate mwaka 1728. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiwaonyesha watu magofu ya majumba ya Pate ili wakumbuke akhera. Tungo hizo zilisomwa kwa adabu, mara nyingi katika majlisi, na msikilizaji aliondoka ameinamisha kichwa.

Muyaka alikuwa na habari nyingine. Yeye aliushika utungo wa mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani kumi na sita iliyogawanywa nane kwa nane, vina katikati na mwisho, akautumia kwa kila kilichopita mbele ya baraza yake. Alitunga juu ya kuoa na kutooa, juu ya mapenzi na usaliti wa wapenzi, njaa na shida, bahari na vyombo, rafiki anayekukimbia mfuko unapokauka, dunia inavyompandisha mtu leo na kumwangusha kesho. Alitega mafumbo ili wenzake wayafumbue, nao wakamjibu kwa vina vilevile. Wajuzi wa fasihi husema kuwa yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni.

Mimi usemi huu naukubali nusu. Ni kweli kwamba aliufikisha sokoni. Lakini huo utoaji wa msikitini unanitatiza, kwa kuwa unadhani Muislamu wa Mombasa alikuwa mtu mmoja akiwa kwenye safu ya swala na mtu mwingine akiwa mbele ya mizani ya mchele. Muyaka hakuacha kuwa Muislamu alipoandika juu ya mke mgumu. Kadari, mauti, subira na riziki vimo katika tungo zake za kawaida kabisa, kama vilivyomo katika maneno ya mama lishe wa Tandika anapokuambia chapati zimekwisha. Ni sisi walimu, na najihesabu humo, tuliowazoesha watoto kuwa maneno ya dini yana kipindi chake chenye kengele ya kuanza na kengele ya kumaliza.

Lakini kama angekuwa mshairi wa mapenzi na bei ya vyakula tu, makala hii ingekuwa nyepesi. Muyaka alikuwa pia mtu wa siasa. Alikuwa karibu na Mazrui, hasa Abdallah bin Ahmed aliyetawala Mombasa kuanzia mwaka 1814 hadi 1823, na kalamu yake ilikuwa silaha yao. Hapa ndipo ninapotaka twende polepole.

Kati ya miaka 1812 na 1814, Mombasa ikishirikiana na Pate ilikwenda kuipiga Lamu. Waislamu kwa Waislamu, Waswahili kwa Waswahili, watu waliooana na kuzikana. Majeshi yalishuka pwani ya Shela, karibu tu na mji wa Lamu. Watu wa Lamu wakatoka kuwakabili, wakawavunja, na waliposhindwa wageni walikimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Waliuawa wengi mno pale ufukoni. Inasimuliwa kuwa mifupa ilionekana katika michanga ya Shela kwa miaka mingi baadaye.

Vita hivyo vilikuwa na jeshi la pili, nalo ni la washairi. Muyaka alitunga akiwatisha na kuwadharau watu wa Lamu, na kule Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, mkubwa wa mji na mshairi mwenye ulimi wa moto vilevile, aliyewajibu watu wa Mombasa neno kwa neno. Tungo zilisafiri kwa vyombo vilevile vilivyobeba samli na nazi. Zilisomwa barazani, zikashikwa kichwani, watoto wakaziimba. Leo profesa akizisoma atazisifu kwa ufundi wake, na ufundi upo. Mimi kila nikizisoma nafikiria kijana wa Mombasa aliyezisikia jioni, damu ikamchemka, asubuhi akaenda pwani kupanda chombo kwenda Shela.

Msomaji aliyepata kuona mgogoro wa msikiti, makundi mawili na kila kundi na kanda zake na vipeperushi vyake, hahitaji nieleze zaidi. Mwenye ulimi mtamu kuliko wote ndiye husikilizwa zaidi, na mara nyingi huwa si yeye anayepasuliwa kichwa.

Matokeo ya Shela yaliizidi Shela yenyewe. Lamu, kwa kuhofia kuwa Mombasa itarudi, iliomba ulinzi kwa Sayyid Said bin Sultan wa Maskati. Sayyid Said, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akapeleka liwali na askari, na ngome ya Lamu tunayoiona leo ikakamilishwa mnamo mwaka 1821. Kwa maneno mengine, Busaidi walioogopwa na Mazrui kuliko kitu chochote waliingia kwa mlango ambao Mazrui wenyewe waliufungua. Abdallah bin Ahmed hakutaka kuona hilo. Inasimuliwa kuwa aliposhika utawala alimpelekea Sayyid Said, badala ya zawadi ya heshima, vazi la chuma la vita na baruti. Ujumbe huo haukuhitaji mkalimani.

Jibu lilikuja taratibu. Pate ikaponyoka. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1820, Mazrui wakanyang'anywa Pemba. Wanahistoria huliandika jambo hili kama mabadiliko ya bendera. Kwa mke wa nyumba Mombasa lilikuwa jambo la chungu na sufuria, kwa kuwa ghala la mchele wake lilikuwa limepita mikononi mwa adui wa mumewe.

Hapo ndipo Mazrui walipofanya lile ambalo watawala wetu wengi walilirudia baada yao. Walimtafuta Mwingereza. Mwezi Februari mwaka 1824 Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipotia nanga Mombasa alikuta bendera ya Kiingereza, waliyoishona wenyewe wenyeji, inapepea juu ya Ngome. Wakakubaliana: Mombasa iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, Uingereza iwarudishie Mazrui milki zao, ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu na biashara ya watumwa ipigwe marufuku. Owen akamwacha Luteni Reitz awe msimamizi. Mtu huyo alifariki kwa homa mwezi Mei mwaka huohuo, na jina lake likabaki mpaka leo katika ghuba ya Port Reitz. Akafuatia Luteni Emery, aliyekaa hadi mwaka 1826.

Pemba haikurudi. London na Bombay walimhitaji Sayyid Said kuliko walivyohitaji mji mmoja wa Waswahili wenye kiburi, basi mwaka 1826 Waingereza wakashusha bendera wakaondoka. Ilichobaki nayo Mombasa ni funzo lililogharimu nusu ya ushuru wa miaka miwili.

Muyaka wakati huo alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi. Mji wake sasa ulimngojea Sayyid Said mwenyewe, naye alifika Januari 1828 na merikebu zake. Wakapatana aweke askari ndani ya Ngome. Alipoondoka kuelekea Unguja, watu wa Mombasa waliizingira Ngome mpaka askari wale wakatoka kwa njaa. Akarudi tena mara mbili kabla ya mwaka 1834, na mara zote akashindwa. Mji uliopoteza Lamu, Pate na Pemba, usio na mlinzi wa kigeni, uliweza kujizuia dhidi ya mtawala mwenye merikebu bora kuliko zote katika upande huu wa bahari. Na ulijizuia kwa sababu katika miaka hiyo, pamoja na kelele zote, Thelatha Taifa na Tisa Taifa na Mazrui walisimama upande mmoja.

Kisha Salim bin Ahmed, liwali wa Kimazrui, akafariki mwaka 1835. Ndugu wakagombania kiti. Wakubwa wa upande mmoja wa mji wakachoshwa nao, wakaenda Unguja kumwita Sayyid Said. Mwaka 1837 alikuja, na safari hii hakulazimika kupigana sana. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, akasalimu amri. Haukupita muda mrefu, yeye na wakubwa wengine wa ukoo wapatao ishirini na tano walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas katika Ghuba, na wengi wao hawakurudi. Waliobaki walikimbilia Takaungu na Gazi.

Muyaka aliyaona yote hayo. Aliishi miaka mitatu hivi chini ya watawala aliowatukana maisha yake yote, katika mji ambao sasa ulipokea amri kutoka Unguja. Mtu aweza kusema alishindwa. Mimi nadhani hesabu yake ni ngumu zaidi ya hiyo. Kuhusu Shela namlaumu, na sioni kwa nini mapenzi yetu kwa Kiswahili yatufanye tumsamehe haraka. Lakini ni yeyeyule aliyetuwekea mji mzima ndani ya mishororo, pamoja na wivu wake, njaa yake, ucheshi wake na uchovu wake. Watawala waliomwita barazani wamebaki majina. Mke asiyetajwa jina, aliyemkera mumewe siku fulani ya masika, bado anakera.

Jinsi tungo hizo zilivyotufikia nako kuna la kusema. Zilikaa vichwani mwa watu na katika makaratasi ya herufi za Kiarabu, kwa maana Kiswahili chetu kiliandikwa hivyo kwa karne kadhaa. Nusu karne hivi baada ya mauti ya Muyaka alikuwapo Mombasa mwalimu mmoja, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezihifadhi kwa wingi. Aliyekwenda kukaa miguuni pake na kuziandika alikuwa mmisionari wa Kiingereza, William Taylor, aliyefika Mombasa mwaka 1880 kuhubiri Ukristo. Taylor alikijua Kimvita kiasi ambacho wengi wetu wa Dar es Salaam hatukijui. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Makaratasi yakaenda London, William Hichens akayachapisha mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz, mtaalamu wa Kiswahili mzaliwa wa pwani ileile, akatoa kitabu kikubwa kumhusu. Wapo wanaosikia habari hii wakaona ni njama ya kimisionari. Mimi naona aibu tu, kwani Mwalimu Sikujua alikuwa na majirani Waislamu mamia, na kalamu zilikuwapo.

Niliporudi darasani wiki iliyofuata nilikuwa nimenakili ubeti mmoja wa Muyaka kwa herufi za Kiarabu, kama ulivyokuwa ukiandikwa zamani, nikamwita mbele yule kijana mwenye swali. Yeye amehitimu madrasa ya mtaani kwao na anajulikana kwa sauti nzuri ya kisomo. Alipoona maandishi akajiweka sawa, akafunga kifungo cha kanzu, akaanza na audhu na bismillahi kwa taratibu zote. Neno la kwanza akalisoma vizuri. La pili akasita, maana herufi hizo hazitofautishi vyema e na i, wala p na b, na Kimvita husema mato pale sisi tunaposema macho. Akarudia. Akanitazama. Kisha akagundua kuwa anasoma habari ya mtu na mkewe, kwa Kiswahili, na alivyoanza kucheka ilibidi akae chini.